Mlima Kenya ama Aberdare? Soma Hii Kabla Mbogi Yako Ichange Ganji

Kila grupu ya WhatsApp iko na huyu msee. Anatupa picha Jumatatu asubuhi, yeye na wenzake watano wamesimama kando ya kibao cha Point Lenana, jua linachomoza nyuma yao, kofia za sufu kichwani, meno yote nje. Dakika kumi baadaye grupu nzima inataka kuenda mlima. Mmoja anasema twende Mlima Kenya. Mwingine anasema si tuanze na Aberdare. Wa tatu anauliza kama kuna tofauti, na wa nne, kama kawaida, anauliza ni ngapi.

Tofauti iko, na ni kubwa kuliko vile watu hudhani. Hizi mbuga mbili ni majirani. Ukiwa Nyeri asubuhi yenye anga safi unaona Mlima Kenya upande mmoja na Nyandarua upande ule mwingine. Lakini ukichagua vibaya unaeza rudi mtaani na mambo mawili: mfuko umekauka na hukufika popote. Ama mbaya zaidi, ubebwe kushuka. Kwa hivyo tulia kidogo, tuangalie hii form vizuri.

Mlima Kenya ni volkano moja kubwa iliyozima kitambo sana. Ilifanywa mbuga ya taifa mwaka wa 1949, na UNESCO wakaiweka kwa orodha yao ya turathi za dunia 1997. Juu iko na vilele vitatu ambavyo lazima ujue majina, juu watu huvichanganya. Batian ni mita 5,199, ya pili kwa urefu Afrika baada ya Kilimanjaro. Nelion ni mita 5,188. Hizo mbili ni mawe matupu, unapanda kwa kamba na vyuma, na kama hujawahi fundishwa kupanda mwamba, sahau. Ya tatu ndiyo Lenana, mita 4,985, na hiyo unafika kwa miguu. Msee akikuambia "mimi nimepanda Mlima Kenya," tisa kati ya kumi anamaanisha Lenana, na hakuna aibu hapo. Majina yote matatu yametoka kwa malaibon wa Wamaasai.

Aberdare nayo si mlima mmoja. Ni safu. Jina Aberdare ni la bwana fulani Mwingereza aliyekuwa rais wa chama cha jiografia cha Uingereza. Joseph Thomson alipita hapa 1884 akaamua milima ya watu iitwe jina la mdosi wake. Wenyeji walikuwa tayari wanaiita Nyandarua. Mbuga ilianzishwa 1950. Kaskazini kuna kilele cha Satima, mita 4,001, na kusini kuna Kinangop, mita 3,906. Katikati ya hizo mbili ni uwanda wa juu wa nyasi ngumu, ukungu, mito ya maji baridi kama barafu na maporomoko ya maji ambayo ukiyaona mara ya kwanza unashindwa mbona hukuletwa hapa na shule.

Stori ya hewa

Hii ndio sehemu watu huruka, na ndio sehemu inafaa kusomwa polepole.

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Mwili wako umezoea hapo. Kama wewe ni msee wa Mombasa, umezoea sifuri. Sasa, ukipanda juu, hewa inakuwa nyepesi, na kila pumzi unavuta inabeba oksijeni kidogo kuliko ya nyumbani. Ukifika Lenana unapata zaidi kidogo ya nusu ya ile oksijeni mtu anavuta akiwa ufuo wa Nyali. Mwili unaeza zoea, lakini unataka muda. Unaongeza mwendo wa kupumua, unabadilisha damu taratibu, na hiyo kazi haiharakishwi na mtu kuwa na misuli.

Na hapa ndio mayut wa gym hushangaa. Kuwa fiti hakukuzuii kushikwa na ugonjwa wa mwinuko. Kuna wasee wa kukimbia kilomita 20 kila Jumamosi Karura wamelazwa chini na mlima, na mathe wa miaka 55 anawapita akitembea pole pole na fimbo yake. Tena hao wasee wa fiti ndio hushikwa haraka, juu wanapanda mbio.

Dalili za kwanza zinafanana na hangova: kichwa kinauma, tumbo linachafuka, chakula hutaki kuona, usingizi umepotea. Hapo bado hujafika pabaya. Unaacha kupanda, unakunywa maji, unapumzika, unangoja. Pabaya ni mtu akianza kuyumba akitembea kama amelewa, ama akiongea vitu havishikani, ama akikosa pumzi hata akiwa amekaa tu na kifua kinakoroma. Hapo hakuna kuuliza grupu. Anashuka saa hiyo hiyo, usiku au mchana, na hashuki peke yake. Dawa ya kweli ya huu ugonjwa ni kushuka. Kuna tembe watu humeza kuzuia, lakini hizo bonga na daktari kabla ya safari, usipewe na rafiki kwa mat.

Kanuni ambayo madaktari wa milima hufuata ni hii: ukishapita mita 3,000, usilale zaidi ya mita 500 juu ya pale ulilala jana. Sasa shika hiyo namba halafu cheki ratiba ya kawaida ya Lenana kupitia Sirimon. Usiku wa kwanza unalala Old Moses, mita 3,300. Usiku wa pili Shipton's, mita 4,200. Hiyo ni mita 900 kwa siku moja, karibu mara mbili ya kile mwili unataka. Usiku wa tatu unaraukia saa nane ama tisa, unapanda giza mpaka Lenana. Watu wengi hutoboa, ndiyo, lakini wengi pia hutoboa wakitapika. Ukiongeza usiku mmoja, ulale Old Moses mara mbili ama Shipton's mara mbili, mlima unakuwa mwingine kabisa. Hiyo siku moja ya ziada ndiyo kitu cha maana zaidi unaeza nunua, kuliko koti lolote la bei.

Kwa hivyo ukiona bango kule Insta linasema "Lenana wikendi moja, toka Nairobi Ijumaa usiku, kilele Jumapili alfajiri," piga hesabu. Wanatoa mwili wako mita 1,700 na kuupeleka karibu mita 5,000 chini ya saa 48. Wauze tu, ni biashara yao. Wewe uliza swali moja: usiku wa kwanza tunalala mita ngapi? Ukijibiwa "usijali bro, tuko na wataalamu," hepa.

Aberdare haikupeleki huko. Sehemu nyingi za juu ziko kati ya mita 3,000 na 4,000, na mara nyingi unapanda na kushuka siku hiyo hiyo, kwa hivyo hulali juu. Kichwa kinaeza kuuma pale Satima, hiyo ni mita 4,001 bado, lakini jioni uko chini ukinywa chai.

Kama ni Mlima Kenya

Njia kubwa ni tatu. Sirimon iko upande wa Nanyuki, ni kavu kidogo, inapanda bila fujo, na ndiyo ningemtuma mtu wa mara ya kwanza. Geti liko karibu mita 2,650 na kutoka hapo mpaka Old Moses ni kilomita 9 hivi za barabara. Siku inayofuata ndio ndefu, unapita mabonde, unaingia bonde la Mackinder, na ile mimea ya ajabu inaanza kutokea, mirefu kushinda wewe, kama kabichi zilizoamua kusimama. Shipton's iko chini kabisa ya vilele. Pimbi wa hapo hawaogopi mtu, na ukiacha mkate nje ya begi umewapea.

Naro Moru ndiyo fupi, na ndiyo maana inapendwa na wale wa haraka. Hiyo haraka ndio shida yake. Unatoka Met Station, mita 3,050, unaenda kulala Mackinder's, mita 4,200, siku moja. Katikati kuna mteremko wa matope ambao hata kiangazi haukauki, unapanda ukizama. Kwa kushuka iko sawa. Kwa kupanda, mimi sioni sababu.

Chogoria iko upande wa Tharaka Nithi na ndiyo supa kushinda zote kwa macho. Unapita Ziwa Ellis, unatembea juu ya ukingo wa bonde la Gorges, chini kabisa unaona Ziwa Michaelson limekaa kama sahani. Kutoka mji wa Chogoria mpaka geti ni karibu kilomita 30 za barabara mbaya, na mvua ikinyesha hiyo inataka gari la nguvu. Plani ambayo wasee wengi wa mlima husifu ni kupanda na Sirimon na kushuka na Chogoria, siku nne ama tano. Ukipata muda, fanya hivyo.

Halafu kuna ile hisia ya mahali penyewe. Huu ndio Kirinyaga, ambapo Wakikuyu walielekeza nyuso wakiomba Ngai, na nchi yote ilichukua jina kutoka kwa huu mlima. Usiku wa uhuru Disemba 1963, Kisoi Munyao alipanda na bendera mpya ya Kenya akaisimamisha Lenana. Na kabla yake, 1943, wafungwa wa vita Waitaliano watatu walitoroka kambi ya Waingereza pale Nanyuki, si ati warudi kwao, ni kupanda mlima tu walikuwa wanauona kila siku kupitia waya. Wawili wakafika Lenana na vifaa vya kujitengenezea, wakaacha bendera yao, wakashuka, wakajirudisha jela. Sijui kama kuna msee wa mtaa angefanya hiyo.

Kitu kingine kinakusukuma usingoje sana ni barafu. Barafu ya Lewis, ile unapita kando ukienda Lenana kutoka Austrian Hut, imekonda mpaka picha za zamani zinakaa uwongo. Ripoti ya UNESCO ya 2022 ilisema barafu za Kilimanjaro na Mlima Kenya zitakuwa zimeisha kufikia 2050. Watoto wako wanaeza kuja hapa wakaona mawe tu.

Kama ni Aberdare

Hapa kuna Aberdare mbili, na watu hushindwa kuelewana kwa grupu juu kila mtu anafikiria yake.

Ya kwanza ni ya kutembea. Elephant Hill ndiyo maarufu kwa wasee wa Nairobi, na sababu ni rahisi: unatoka tao alfajiri, unashika mat ya Njabini kupitia Flyover, na jioni umerudi keja. Unaanzia kwa kituo cha msitu, unalipa, unapewa askari wa msitu mwenye bunduki, halafu unaingia mianzi. Mianzi ni matope. Narudia, ni matope, hata wakati Nairobi haijaona mvua wiki tatu. Njumu zako nyeupe ziache nyumbani. Baada ya mianzi inakuja sehemu ambayo wapandaji wanaiita Point of Despair, na jina halidanganyi: unaona kilele, unafurahi, halafu unagundua hicho si kilele. Juu kabisa ni karibu mita 3,600. Kwenda na kurudi inakula siku nzima, na kesho yake ngazi za ofisi zitakukumbusha.

Satima ni ya kaskazini, unaingilia upande wa Shamata ama Wanderis, na huko kuna mawe yamesimama kwa mstari kama meno, wanayaita Dragon's Teeth. Watu ni wachache, upepo ni mwingi. Kama unataka kilele cha mita 4,000 bila kulala mlimani, hii ndiyo yako. Ni mazoezi poa pia kwa mtu anayepanga Lenana baadaye.

Aberdare ya pili ni ya gari. Unaingia geti la Mutubio kutoka upande wa Naivasha na Ndunyu Njeru, unapanda mpaka ule uwanda wa juu, unazunguka kwa maporomoko, unatokea upande wa Nyeri. Karuru inaanguka kwa hatua tatu, jumla mita 273. Ng'ambo ya bonde unaona Gura, nayo inashuka karibu mita 300. Chania unaeza shuka ngazi ukasimama karibu kabisa, unyeshewe na mvuke. Kuna nyumba za KWS za kulala kama Fishing Lodge, na jioni ya huko ni moto wa kuni na giza la kweli, lile ambalo mtu wa Umoja amesahau.

Hapo ndipo utashangaa na hesabu. Watu hudhani Aberdare ni ya bei ya chini juu iko karibu. Elephant Hill ndiyo, hiyo ni nauli, ada na dishi. Lakini hii ya maporomoko haifiki kwa mat. Barabara za ndani zinataka 4x4, na mvua ikianza hata hiyo 4x4 inalia. Mkiwa wawili mkakodi gari, mtalia pamoja nayo. Mkiwa sita ama saba kwa gari moja, inakuwa sawa kabisa.

Mlima Kenya nao unakula pesa kwa njia nyingine: siku. Ada ya mbuga inahesabiwa kwa siku, kitanda ni kila usiku, mwongozaji na wapagazi wanalipwa kila siku, mpishi pia. Kwa hivyo ile siku moja ya ziada nimekuambia uongeze, iko na gharama, na ndiyo maana wanaouza pakeji za haraka huikata kwanza. Usikate hapo. Kata kwa picha za droni. Na tafadhali, mpagazi anayebeba begi lako mpaka mita 4,200 akiwa na viatu vibovu kuliko vyako, usianze kumbishania mia mbili mkishuka.

Kutembea peke yako Mlima Kenya bila mwongozaji, sahau, getini hawakuruhusu kupanda solo. Aberdare nako usishuke gari na kuanza kuranda, na kwa matembezi chukua askari. Sababu yake ina pembe. Nyati wa Aberdare wako kwa ukungu na wewe uko kwa ukungu, na yeye ndiye mwenyeji.

Ukipenda wanyama, Aberdare inashinda bila mjadala. Mlima Kenya pia una ndovu na nyati chini kwa msitu, lakini ukishapita mianzi unabaki na pimbi na ndege. Aberdare upande wa mashariki kuna sehemu inaitwa Salient, msitu mnene ambapo ndovu, vifaru weusi, nguruwe wakubwa wa msituni na chui huzunguka. Bongo wa mlimani, yule mwenye mistari, wamebaki wachache sana porini, na wengi wao wako hapa. Kumwona ni bahati ya kushinda betting. Ua wa umeme wa karibu kilomita 400 unazunguka safu yote, ulianza kujengwa miaka ya mwisho ya themanini na kukamilika 2009, na hiyo ndiyo sababu mkulima wa viazi analala na ndovu pia analala.

Salient ndiko kuna The Ark, na ndiko Treetops ilijengwa. Usiku wa kuamkia Februari 6, 1952, Elizabeth alilala Treetops akiwa binti mfalme, na baba yake akafa usiku huo Uingereza. Hiyo stori umeisikia. Ile hawakuambii sana ni kwamba miaka miwili baadaye Mau Mau waliichoma. Dedan Kimathi na wapiganaji wake walikuwa kwa hii misitu ya Nyandarua, kama vile General China alikuwa upande wa Mlima Kenya, na ndege za Waingereza zilimwaga mabomu kwa misitu yote miwili. Kimathi alishikwa Oktoba 1956 akitoka huku, akanyongwa Kamiti Februari 1957. Ukitembea kwa ile mianzi ukiwa na koti zuri, lunchi kwa begi na askari wa kukulinda, na bado unatetemeka, fikiria mtu aliyekaa humo miaka bila moto, juu moshi ungemwuza.

Na kuna sababu nyingine Aberdare inakuhusu hata kama hutawahi kukanyaga huko. Maji unayofungua kwa bomba Nairobi, siku ile yanatoka, mengi yametoka kwa hii milima. Bwawa la Ndakaini na bwawa la Sasumua yote yanajazwa na mito ya Aberdare. Sasumua liko karibu na Njabini, hapo tu ukienda Elephant Hill. Mito mingine inashuka mpaka Tana, ambako stima inatengenezwa, na mingine inaingia Ziwa Naivasha. Ndiyo maana kila mjadala wa kukata msitu ama kupitisha barabara ya lami katikati ya mbuga unawasha watu namna hiyo. Hayo matope unayolalamikia ndiyo sifongo inayokunywa mvua ya Aprili na kuiachilia polepole Agosti.

Sasa ni gani?

Kama una siku moja na elfu chache, hujawahi kutembea zaidi ya Karura, na mbogi yako ina watu wa kila aina, ni Elephant Hill. Hapo mtajuana. Yule anayelalamika kwa mianzi msimpeleke Lenana.

Kama ni mapenzi, ama ni birthday, ama mzae na mathe wanakuja, chukueni gari mkaone Karuru na mlale. Usimpeleke dem wako wa wiki tatu Lenana kwa deti ya kwanza. Saa tisa usiku kwa baridi ya chini ya sifuri, akiwa anatapika, hatakuona ukiwa romantiki.

Kama umeshafanya milima mitatu minne, unaeza toa siku tano kazini, na umeweka pesa bila kukopa kwa aplikesheni, basi ni Mlima Kenya. Fanya mazoezi miezi miwili, Longonot, kisha Elephant Hill, kisha Satima, kisha Sirimon. Mimi naona huo mpangilio ndio wa akili, na unaona Aberdare si ya walioshindwa na Mlima Kenya. Kuna wasee wamefika Lenana mara tano na bado wakiulizwa wanapenda wapi wanasema ule uwanda wa Satima.

Wakati mzuri ni Januari na Februari kwa zote mbili, halafu Julai mpaka Septemba, ingawa Aberdare mnaeza kuwa na ukungu mwezi wowote. Machi mwisho mpaka Mei acha. Novemba pia ni kubahatisha.

Kwa begi, Mlima Kenya unataka begi zito la kulalia, glavu, kofia, tochi ya kichwa na betri za ziada, koti la mvua la kweli na si lile la kupiga luku, na nguo kavu za usiku ndani ya mfuko usioingiza maji. Jinzi usibebe, ikilowa inakaa imelowa. Aberdare inataka gambuti ama viatu vya kushika matope, soksi mbili za ziada na nguo za kubadilisha ukirudi kwa gari, juu hakuna dereva atakubali ukalie kiti chake ukiwa hivyo.

Maji beba kwa chupa ya chuma ama ile ngumu ya kutumia tena. Chupa za plastiki za kutumia mara moja zilipigwa marufuku kwa mbuga tangu Juni 2020, na getini zinabaki. Malipo ya KWS ni kupitia eCitizen, pesa taslimu hawashiki, na ada hubadilika, kwa hivyo cheki bei siku mnapanga na si ile rafiki yako alilipa mwaka jana. Lipeni mkiwa bado tao na mtu apige skrinshoti ya risiti, juu ukifika geti la Mutubio ama Chogoria ndio utajua network imebaki Nyeri.